Sailensa ya asubuhi, na pikapu inayodhani bado kuna baridi

Leo naomba niachane na siasa. Bunge lipo na litaendelea kuwepo. Leo nataka tuzungumze pikapu. Ndiyo, pikapu: zile kuukuu za petroli, zenye kabureta, zilizobeba viazi, mbao, maiti na maharusi wa nchi hii tangu wengi wetu hatujazaliwa, na ambazo mpaka kesho zipo barabarani.

Wewe wa Dar unaweza usinielewe haraka. Dar pikapu ikiamka hata bila kunawa uso inaondoka. Njoo Njombe mwezi wa 6 au wa 7. Mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni kama umevuta sigara. Saa 12 mwenye pikapu anazungusha ufunguo, stata inalia kwa uchovu, injini inashika, halafu papo hapo inapandisha yenyewe: vuuuuu! Utadhani kuna mtu kakanyaga mafuta. Hakuna aliyekanyaga. Majirani wote wameshaamka, mbwa wanabweka, na mwenye gari anatazama boneti kwa wasiwasi.

Mafundi wetu wanaiita sailensa: ule mwendo wa injini ikiwa imewashwa na mguu haujagusa mafuta. Injini iliyopata moto, ya pikapu ya namna hii, inazunguka mara 700 hadi 850 hivi kwa dakika. Asubuhi ya baridi inaweza kuwa 1,500, na baridi ikiwa kali ikasogelea 2,000. Swali ninaloulizwa kila nikienda nyumbani (ukishakuwa mwandishi wa habari watu wanaamini unajua kila kitu) ni moja: huu ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Waliotengeneza gari walitaka iwe hivyo. Petroli haiungui ikiwa majimaji, kinachoungua ni mvuke wake. Kwenye baridi petroli inagoma kuwa mvuke, na sehemu yake inaganda ukutani mwa njia ya kuingilia injini kama umande kwenye bati. Kwa hiyo kinachofika ndani ni kidogo kuliko kilichotumwa. Dawa ni kutuma nyingi zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya choki (si ya ubaoni, ile ni chaki): kibamba kinachoziba mdomo wa kabureta ili hewa ipungue na petroli ivutwe kwa wingi. Wakati huo huo oili nayo ni nzito. Wengi wetu tunaweka ile SAE 40 tupu, ambayo alfajiri ya Njombe inamwagika kama asali, na injini inatumia nguvu nyingi kujizungusha tu. Basi choki inapofunga, inavuta pamoja nayo kidude chenye ngazi kinachoshikilia mlango wa mafuta uwe wazi kidogo, kana kwamba umekanyaga. Ndiyo maana inapandisha. Joto likipanda choki inafunguka, kidude kinashuka ngazi moja moja, na baada ya dakika chache mngurumo unatulia.

Ugonjwa ni pale usipotulia.

Hapa ndipo naingia kwa baba mdogo. Ana Hilux ya zamani ya petroli, mali yake kubwa kuliko zote ukiondoa nyumba na shamba la miti. Inabeba viazi kutoka vijijini hadi Makambako, na ndiyo iliyosomesha watoto wake wawili. Nilipofika likizo nikakuta habari mpya mezani: anauza miti. Na si miti iliyokomaa. Michanga, ile ambayo wafanyabiashara wanakuja nayo bei ya kukuhurumia kwa sababu wanajua una shida. Kwa nini? Anataka kununua injini ya mtumba. Pikapu inakula petroli mpaka safari ya Makambako haina faida tena, na sailensa yake haishuki. Asubuhi inanguruma, saa 4 inanguruma, saa 7 mchana kwenye jua bado inanguruma. Ukiachia kloch kwenye foleni inataka kuondoka yenyewe.

Fundi wa kwanza alikuwa ameshapita na bisibisi. Alilegeza skrubu mpaka ngurumo ikaisha, akalipwa, akaondoka. Kesho yake alfajiri pikapu ikawa haisimami bila mguu kwenye mafuta. Ukiachia tu, inazima. Hiyo ni tiba ya mtu mwenye homa unayemvunjia kipimajoto. Fundi wa pili akafungua plagi, akamwonyesha baba mdogo weusi wake, akatoa hukumu: ringi zimekwisha, badili injini.

Sina dharau na mafundi. Nimeona mtu akiwa amelala chini ya lori usiku wa manane, kwenye tope, na tochi mdomoni, nikajua kwamba mimi na shahada yangu nisingeweza. Lakini tuseme ukweli: fundi wetu analipwa kwa kubadili kitu, halipwi kwa kufikiri. Akikaa nusu saa anasikiliza injini, mwenye gari anadhani ni mvivu. Akishika spana, hapo ndipo anafanya kazi. Sasa unategemea nini?

Mimi nikafanya kazi niliyosomea, yaani kuuliza. Swali la kwanza lilikuwa ilianza lini. Baba mdogo akafikiri, akasema, “Mwanangu, tangu ile safari ya Morogoro.” Wakati wa kurudi pikapu ilichemka katikati ya Kitonga. Wanaoijua Kitonga wanajua: mlima, kona, malori yamekukaba mbele na nyuma, hakuna pa kuegesha. Fundi wa kando ya barabara akamsaidia. Alifungua kidude fulani pale mpira mkubwa wa maji unapoingia kwenye injini, akakitupa porini, akamwambia hivi vimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, nchi zetu za joto havihitajiki. Pikapu ikapanda mlima. Baba mdogo akamshukuru sana.

Kidude kile kinaitwa themostati, na ndicho nilichokuja kuandika habari zake leo.

Themostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa ya baridi unafungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta, ili joto lipande haraka. Likifika kiwango chake, unafunguka. Kiwango chenyewe mara nyingi kimegongwa juu ya chuma, 82 au 88, nyuzi za Selsiasi. Na unajua kinachoufungua ni nini? Nta. Ndani yake kuna kikopo kidogo cha nta. Nta ikiyeyuka inavimba, ikivimba inasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Mimi jambo hili lilinifurahisha siku nzima.

Ukiutoa mlango huo, maji yanakwenda kwenye rejeta muda wote, tangu dakika ya kwanza. Dar pengine usione tofauti kubwa. Njombe, kwenye upepo wa mwezi wa 7, injini inaweza kutembea siku nzima bila kufika kwenye joto lake. Nilimwomba baba mdogo anionyeshe mshale wa joto kwenye dashibodi. Umelala chini kabisa. Tukaendesha karibu saa nzima, kwenda na kurudi, bado umelala. Kwake ilikuwa dalili njema: tangu Kitonga gari halijachemka tena!

Sasa unganisha. Choki za kabureta ziko za namna kadhaa. Kuna ya kuvuta kwa mkono, kitufe kipo chini ya usukani. Hiyo ukiisahau nje ni shauri yako. Kuna inayopashwa na umeme. Na kuna kama ya baba mdogo, inayopashwa na maji ya injini yanayopita kwenye mipira miwili myembamba hadi kwenye kabureta, ambako nako kuna nta ya namna ile ile. Maji yasipopata moto, nta haiyeyuki vizuri. Nta isipoyeyuka, choki inabaki imefunga nusu, kidude chenye ngazi kinabaki juu, petroli inamiminwa kama ya alfajiri. Injini ya baba mdogo ilikuwa saa 7 mchana, jua kali, lakini yenyewe inadhani bado ni saa 12 asubuhi.

Na zile plagi nyeusi? Nilizitazama. Masizi makavu, yanafutika kwa kidole kama ya chungu cha kuni. Ringi zikiisha plagi hulowa mafuta na moshi unakuwa wa bluu. Huu wa pikapu yetu ulikuwa mweusi, moshi wa petroli iliyozidi. Nikampigia simu mzee mmoja wa gereji Makambako, mtu wa miaka zaidi ya sitini ambaye anasemekana aligusa Datsun kabla hajagusa kalamu. Nikamsimulia. Alikaa kimya, halafu akauliza swali moja tu: “Themostati ipo?” Nikamwambia ipo Kitonga, porini. Akacheka mpaka akakohoa.

Mpya ilipatikana mjini. Bei yake haikufika gunia la viazi. Mzee alituambia tuipime kabla ya kuifunga, na kipimo chake kinafanyika jikoni: sufuria, maji, jiko la mkaa. Unaining'iniza kwa uzi isiguse chini, unasubiri. Ya 82 au 88 lazima ifunguke kabla maji hayajachemka. Kumbuka tu kwamba kwa mwinuko wa Njombe maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo nafasi ni ndogo kuliko ya Dar. Mama mdogo aliyekuwa anasubiri sufuria yake alisema wanaume wa nyumba hii wameanza kupika vyuma. Ikafunguka vizuri.

Lakini mzee alikataa isifungwe kabla rejeta haijasafishwa. Alikuwa na haki. Pikapu haikuchemka Kitonga kwa sababu ya themostati, au tuseme hatuna ushahidi huo. Ilichemka na rejeta iliyojaa kutu. Ukirudisha themostati kwenye rejeta ile, mlima unaofuata mtakutana pale pale. Rejeta ilipofunguliwa yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Miaka yote baba mdogo alikuwa anajaza ya mtoni, kama wote tunavyofanya. Kulanti si anasa ya matajiri, ina dawa ya kuzuia kutu, na kutu ndiyo inayoziba vijia vidogo kwanza. Vijia vidogo kuliko vyote ni ile mipira miwili ya choki.

Hapo kuna kipimo ambacho hata wewe unayeogopa kuchafua shati unaweza kukifanya. Injini ikishapata moto, shika ile mipira kwa uangalifu, mmoja baada ya mwingine. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi, pameziba. Yote ikiwa ya baridi wakati rejeta ni ya moto, ama maji yamepungua, ama kuna hewa imenaswa juu, maana kabureta imekaa mahali pa juu na hewa hupenda kukaa juu. Ya kwetu ilikuwa mmoja moto, mmoja baridi. Mzee aliichomoa, akapuliza, ikatema tope. Hewa nayo ilitolewa kwa kujaza maji injini ikiwa imepoa, kuiwasha mfuniko ukiwa wazi na kuongeza kadiri yalivyoshuka. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, jamani. Kuna watu wana makovu ya uso kwa sababu hiyo.

Mwisho mzee akairudisha ile skrubu aliyoilegeza fundi wa kwanza, kwa sababu asubuhi injini inaihitaji.

Si kila sailensa ya juu ni themostati, nisije nikaanzisha dini. Nyingine ni hewa ya wizi: mpira wa hewa umekakamaa kwa uzee au gasketi chini ya kabureta imepasuka, basi hewa inaingia bila kupita mlangoni. Hizo zina tabia ya kuwa mbaya asubuhi na kupungua mchana, kwa sababu mpira ukipata joto unalainika na kuziba ufa wake. Mafundi wanainasa kwa kunyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio huku wakisikiliza injini ikibadilika sauti. Wapo wanaonyunyiza petroli. Waache wafanye kwao, si kwenye gari lako. Nyingine ni waya wa mafuta uliokazwa mno, au springi iliyochoka, hiyo unaiona kwa macho.

Wenye petroli za injekta, kama zile Hilux za injini ya 22R-E, hawana choki, lakini hawajaokoka. Chini ya mlango wa hewa kuna vali ndogo inayopitisha hewa ya ziada kwenye baridi, na mle ndani kuna nta ile ile inayopashwa na maji yale yale. Maji yakipungua, au themostati ikiwa porini, hadithi ni hii hii. Juu ya hapo wana sensa ya joto inayoiambia kompyuta, na siyo ile ya mshale wa dashibodi. Moja inaweza kufa na nyingine ikadunda. Wa dizeli mambo yao ni mengine kabisa, nyingi za zamani zina kitufe cha kuvuta ili kupandisha mwendo asubuhi, na ukisahau kukirudisha usimwite fundi.

Kuna desturi moja ambayo lazima niiseme, hata kama wazee watakasirika. Kuwasha gari na kuliacha lingurume dakika 20 huku unakunywa chai hakulisaidii. Petroli ile ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inateremka kuchanganyika na oili chini. Ipe dakika moja au mbili ishike vizuri, kisha ondoka polepole bila kuivuta kwa nguvu. Injini inapata moto haraka zaidi ikiwa inatembea.

Na kama unaegesha kwenye banda lenye milango, usiwashe ukaacha milango imefungwa kwa ajili ya baridi. Injini yenye choki inatoa monoksidi ya kaboni kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine wa siku. Haina rangi wala harufu. Ni gesi ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, na watu wa mikoa ya baridi tunajua misiba iliyotokana nalo. Sitanii hapa. Fungua milango kwanza, ndipo uwashe.

Pikapu ya baba mdogo bado inaamsha majirani. Dakika nne hivi, halafu inashuka, unaisikia kabisa inavyoteremka ngazi. Mshale wa joto sasa unapanda mpaka karibu na katikati na kukaa hapo. Siku tatu za mwanzo baba mdogo hakuupenda hata kidogo, akawa anasimamisha gari njiani kuchungulia boneti, kwa sababu alishazoea kuuona umelala. Mnunuzi wa miti alikuja Jumamosi kama walivyoahidiana. Alipewa chai, akaonyeshwa shamba, akaambiwa arudi miti ikikomaa. Alipokuwa anaondoka gari lake, jipya kuliko letu kwa miaka kama ishirini, liligoma kuwaka, na tulilisukuma sisi.